Debe langu na kitenge cha kanisa

Ndugu Mhariri,

Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikisoma barua za wasomaji wako kuhusu wahubiri wanaouza mafuta, maji na vitambaa vya upako. Karibu wote wanalia kilio kimoja, kwamba dini imegeuzwa biashara. Nakubaliana nao. Sijasahau Februari 1, 2020, pale Uwanja wa Majengo, Moshi, watu 20 walipokufa kwa kukanyagana wakiyakimbilia mafuta hayo. Walioandika wana haki ya kukasirika.

Lakini mimi ni mama wa dagaa, nina miaka sitini na moja, na kazi hii nimeifanya tangu mwanangu wa kwanza akiwa mgongoni. Nikizisoma barua zile naona tunamnyooshea kidole mtu ambaye wengi wetu hatumfahamu, anayehubiri kwenye mahema tusikokwenda. Ni rahisi kumsema huyo. Kuna biashara nyingine ya dini ambayo haina hema wala spika, na inafanywa na watu wa makanisa ya zamani, waliobatizwa utotoni, wanaokaa benchi la mbele. Nimeifanya mimi mwenyewe. Naomba nafasi niieleze, hata kama barua itakuwa ndefu.

Kwa asiyeijua kazi yetu niseme kidogo. Dagaa wa ziwa hili la Victoria huvuliwa usiku wa giza. Zamani walivuliwa kwa karabai, siku hizi kwa taa za sola. Mbalamwezi ikichanua mitumbwi inapumzika, kwa hiyo sisi tunahesabu mwezi kwa giza, hatuhesabu kwa kalenda. Asubuhi mitumbwi ikitia nanga, kina mama wa visiwani wananunua dagaa wabichi na kuwaanika, wenye uwezo kwenye chanja, wasio na uwezo kwenye mchanga na juu ya majabali. Mimi na wenzangu tunavuka kwenda kuwanunua waliokauka, tunafunga magunia, tunarudi nao Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Pale utakutana na wanunuzi kutoka Dar es Salaam, kutoka Rwanda na Burundi, na Wakongo ambao wengine wanafuata dagaa na wengine kayabo, yaani sangara aliyekaushwa kwa chumvi. Gunia linafungwa Mwanza leo, baada ya siku chache linafunguliwa Lubumbashi.

Katika safari yote hiyo, kuanzia ufukweni hadi kwa mlaji, kitu kimoja ndicho kinachoamua nani atalala ameshiba: chombo cha kupimia. Visiwani tunaita debe hata kama ni ndoo ya plastiki. Na debe linafundishika. Ukiijaza ndoo ya plastiki maji ya moto, kisha mchanga, ukaiacha juani siku mbili tatu, inatanuka bila mtu kuona. Debe la bati nalo ukiligonga kitako kwa nyundo kutoka nje, linaingia ndani kiasi cha vidole vitatu. La kwanza ni la kununulia, la pili ni la kuuzia. Juu ya hapo kuna kilemba, ile chungu inayopandishwa juu ya mdomo wa debe mpaka iporomoke, ambayo mnunuzi wa mjini anaidai kwa mama wa kisiwani kama haki yake. Halafu kuna lumbesa, gunia linaloshindiliwa kupita kipimo chake, ambayo serikali imeikataza miaka mingi na bado inapita barabarani mchana kweupe.

Nilikuwa na madebe hayo mawili. Nilifundishwa na mama mwenzangu nilipoanza kuvuka, naye alifundishwa na mwingine. Hakuna aliyesema neno wizi. Tulisema “kufidia nauli”. Na kila mwezi nilitoa fungu la kumi. Nililitenga kabla ya kulipa hata ushuru, nikalitia kwenye bahasha yenye jina langu na namba yangu ya ushirika, na sikuwahi kuruka mwezi. Kumbukumbu la Torati sura ya 25 inakataza kabisa kuwa na vipimo viwili nyumbani, kikubwa na kidogo. Nilikuwa nimeisoma. Nilidhani inawahusu Wayahudi.

Sasa nifike kwenye kitenge.

Mwaka 2015, giza la mwezi wa nane, nilikuwa kisiwa cha Ukara kwa bibi mmoja ambaye nilikuwa nikinunua kwake kwa mwaka wa tatu. Siku ile nilikuwa nimetoka moja kwa moja kwenye kongamano la kina mama wa kanisa letu, nikavuka na sare yangu, kitenge chenye msalaba na maandiko kifuani. Bibi alikuwa amepima dagaa wake usiku kwa debe lake, na mjukuu wake ameandika kwenye daftari la shule: madebe kumi na mawili. Tukaanza kupima kwa debe langu. Yakatoka kumi.

Mjukuu akaanza kulalamika. Yule bibi akamnyamazisha. Akanitazama, akakitazama kitenge, akasema, “Huyu ni mama wa kanisa. Debe letu ndilo lililoharibika, mwanangu. Tutatafuta lingine.” Kisha akaniomba radhi kwa kunipotezea muda.

Mhariri, yeye ni Mkatoliki, mama wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, mimi ni wa Africa Inland Church. Hatushiriki meza moja. Lakini aliuona msalaba kwenye nguo yangu, akaacha kuyaamini macho yake mwenyewe, daftari la mjukuu wake na debe alilolitumia miaka yote. Nilimlipa madebe kumi. Nikapanda chombo.

Ningependa kuandika kwamba nililia njiani na kulitupa debe ziwani. Sikufanya hivyo. Nilimaliza giza lile kwa debe lilelile, na giza lililofuata pia, kwa sababu nilikuwa na mkopo na ada ya mtoto wa kidato cha tatu. Lakini maneno ya yule bibi yalikataa kuondoka. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba biashara yangu iko Mwaloni na imani yangu iko kanisani, na kwamba kosa langu, kama ni kosa, ni la Mwaloni. Siku ile nilielewa kwamba kitenge ndicho kilichofanya kazi. Pasipo kitenge bibi angegoma, na angekuwa na haki. Yule muuza mafuta tunayemlaani anauza jina la Yesu kwa bei aliyoitaja hadharani. Mimi niliuza jina hilohilo bila kutaja bei, kwa mtu ambaye hakujua kwamba ananunua.

Baada ya miezi miwili nilimwendea kiongozi mmoja wa kanisa, nikiwa na bahasha yangu mkononi, nikamweleza yote. Nilitarajia anikemee. Alinisikiliza kwa upole, akasema nisijitese, Mungu anautazama moyo, niendelee kutoa kwa uaminifu, na nisichanganye mambo ya Mwaloni na mambo ya madhabahu. Bahasha akaipokea. Simtaji na sitamtaja, kwa sababu naamini alinihurumia kweli. Lakini huruma ile ilikuwa ya mimi peke yangu. Yule bibi wa Ukara hakuwamo ndani yake.

Nimelifikiria sana neno hilo la kutochanganya. Kwenye ziwa hili, imani na biashara zilipanda chombo kimoja tangu siku ya kwanza. David Livingstone, mwezi wa Desemba 1857, aliwaambia watu wa Cambridge kwamba anarudi Afrika kujaribu kufungua njia ya biashara na Ukristo. Alizitaja zote mbili kwa pumzi moja, akiamini biashara halali ingeiua biashara ya watumwa. Miaka 20 baadaye wamisionari wa CMS, shirika la misheni la Waanglikana wa Uingereza, walikuwa Ukerewe, Luteni Shergold Smith na Thomas O'Neill. Walihitaji chombo cha kuvukia, wakanunua jahazi la Songoro, Mwarabu aliyefanya biashara pale kisiwani. Desemba 1877 Songoro akawa na ugomvi na Lukonge, mtawala wa Ukerewe, akakimbilia kwa wamisionari. Wakauawa wote, Songoro na wale Waingereza wawili, pamoja na watu wengi waliokuwa nao. Damu ya kwanza ya wahubiri kwenye visiwa vyetu ilimwagika katika ugomvi wa mfanyabiashara. Nyumbani kwetu hadithi hiyo inasimuliwa kama hadithi ya mashahidi wa imani, jahazi linaachwa nje. Mimi nikivuka kwenda Ukerewe nalikumbuka jahazi.

Na baba yangu alikuwa mkulima wa pamba wa Nassa. Misheni ya Nassa ilianzishwa na CMS, na mwaka 1909 wakaikabidhi kwa AIM, yaani Africa Inland Mission, ndiyo iliyozaa kanisa letu. Baba alibatizwa pale. Alikuwa kijana miaka ya 1950, wakati wakulima wa Usukuma walipokuwa wakipiga kelele kwamba wanunuzi wanawapunja kwenye mizani. Watu wanadhani ushirika ulianza na siasa. Ulianza na mizani. Wakulima waliweka watu wao wenyewe kusimama pale na kupima upya pamba ya wenzao, na kutoka hapo vikaja vyama vya msingi, na mwaka 1955 Victoria Federation, muungano wa vyama vya ushirika wa akina Paul Bomani, ambaye naye alilelewa katika nyumba ya Wasabato. Mkulima aliyesoma Mithali 11:1 kanisani, “Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA”, alitoka nje akakuta mizani ya hadaa inamsubiri kwenye ghala la mnunuzi. Hakuhitaji mtu wa kumfafanulia.

Baba alikuwa na jiwe. Jiwe la kawaida tu la mtoni, la mviringo, jeusi. Alikuwa amelipimisha sehemu tatu tofauti, na kote lilitoka ratili kumi, kwa hiyo akajua ni ratili kumi. Kila alipopeleka pamba, alitangulia kuliweka jiwe juu ya mizani kabla ya mzigo. Likisoma tofauti, alifunga mzigo wake akaondoka. Ushirika ulipokuja, karani wa chama chao akawa mzee wa kanisa, rafiki yake, waliyebatizwa siku moja. Baba akaweka jiwe vilevile. Mama alitusimulia kwamba yule mzee alikasirika, akauliza, “Hata mimi?” na baba akasema, “Hata wewe.” Walikaa muda bila kusalimiana. Lakini jiwe liliendelea kutangulia kila msimu, mpaka vyama vikuu vilipovunjwa mwaka 1976, na mizani ya baadaye ilikuwa mali ya watu ambao hawakutaka kuona mawe ya watu.

Mimi ni binti wa mtu huyo, na nilikuwa na debe lililotanuliwa. Wala sikulelewa vibaya. Nilifika mjini nikakuta kanisani kwangu hakuna anayeweka jiwe.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema kwa viongozi wetu wa dini hapa Mwanza, wa madhehebu yote. Mnatuuliza tumetoa kiasi gani. Mnatangaza majina, mnatupa lipa namba, mnatukumbusha malimbuko mwezi wa kwanza na mavuno mwezi wa sita. Katika miaka yangu yote sijawahi kuulizwa na mchungaji, katekista wala mzee wa kanisa ninapima kwa debe gani. Wala nawalipaje vijana wangu wa mizigo.

Chukueni mnada wa baada ya ibada. Naupenda mnada, ni furaha yetu. Mjane ameleta mayai sita kwa sababu hana fedha, yanainuliwa juu, watu wanashindania, na sadaka yake inakuwa kubwa kuliko alivyoota. Hiyo ni biashara iliyotakaswa, sijui neno zuri zaidi. Lakini niliwahi kuona, na nadhani wasomaji wako wameona makwao, tajiri mmoja wa mitumbwi akinunua jogoo mmoja kwa bei ya mbuzi, kanisa zima likasimama, kwaya ikamwimbia. Nje ya geti walikuwa wamekaa vijana wake watatu wa mtumbwini. Walikuja kumsubiri pale kwa sababu nyumbani kwake hawaruhusiwi kuingia, na mgawo wao wa giza zima alikuwa hajawapa. Yakobo sura ya 5 anasema ujira wa wavunaji uliozuiliwa unapiga kelele. Vijana wale hawakupiga kelele. Walisimama alipotoka, wakamsalimu shikamoo.

Na kuna hii mikopo ya kausha damu, ya riba kubwa. Watu wanaizungumza kana kwamba wakopeshaji wametoka mwezini. Mimi nawajua watatu, na wawili ni walezi wa kwaya. Jirani yangu, mjane anayekaanga samaki, alikopa ili anunue mafuta na mkaa, akachelewa marejesho wiki mbili alipougua. Walikuja wakachukua jiko, karai na godoro. Torati inakataza kumchukulia mtu jiwe lake la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa umemchukulia uhai wake. Jiwe la kusagia la mama yule ni karai. Jumapili iliyofuata mkopeshaji alikuwepo, na alipewa nafasi ya kuongoza sala ya matoleo. Hapa nakiri hasira inanizidi, kwa hiyo niishie hapo.

Nilipopata mtu wa kunisaidia, alikuwa mwinjilisti mmoja mzee, mstaafu, ambaye hana hata baiskeli. Hakunipa ushauri. Alinisomea habari za Zakayo pale Luka 19, akakomea kwenye maneno haya: “na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne.” Akafunga kitabu, akaniuliza ninavuka lini.

Nilinunua ndoo mpya, nikaipima kwa maji, chupa ya lita moja mara ishirini. Ndoo ya zamani nilitoboa kitako, ipo nyumbani imeoteshwa mchicha. Nikavuka Ukara na madebe manane ya dagaa safi wa chanja, yaani yale mawili niliyompunja bibi, mara nne. Nikamweleza mbele ya mjukuu wake. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, kwa laana au kwa msamaha, kila kimoja nilikuwa na jibu lake.

Bibi alinisikiliza hadi mwisho. Akaingia ndani, akatoka na debe lake la zamani, lile alilosema limeharibika, akayapima madebe yangu moja baada ya jingine. Yakatimia manane. Akamwambia mjukuu aandike. Kisha akaniuliza, “Na ya mwaka juzi?”

Sikuwa na jibu la hilo. Tulikaa chini ya mwembe wake tukahesabu safari zote za miaka mitatu, kwa kumbukumbu na kwa daftari za mjukuu. Deni lilikuwa kubwa kuliko mtaji wangu. Tulikubaliana nilipe kidogokidogo, kila giza kitu, na tusihesabu mara nne, tuhesabu moja kwa moja. Hilo la kupunguza lilitoka kwake. Tangu hapo nimekuwa nikilipa, kwake na kwa kina mama wengine watano ambao niliwakumbuka.

Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, siku ya Alhamisi ambayo watu wanatoka gulioni Bugolora, sikuweza kula mpaka nilipopata habari zake. Hakuwa amesafiri. Wapo wa kijiji chake waliosafiri. Kivuko kile kilitengenezwa kubeba watu kama 100, na waliokufa walizidi 220. Nimewasikia wengi wakisema ni mapenzi ya Mungu. Mimi mtu wa magunia naijua lumbesa nikiiona, na kivuko kile kilipakiwa lumbesa ya watu. Kipimo kilikuwepo, kimeandikwa, na kila mtu pale gatini alijua.

Niseme ukweli mwingine, kwa sababu najua jinsi ushuhuda unavyotakiwa kuisha kanisani. Sikubarikiwa mara mia. Nilikuwa nafunga magunia arobaini kwa giza moja, sasa nafunga kumi na tano, giza likiwa zuri. Mama mwenye debe lililotanuliwa ananunua kwa bei ileile ninayonunua mimi na anaondoka na dagaa wengi zaidi, kwa hiyo Mwaloni anauza kwa bei ya chini kuliko yangu na bado anapata faida. Wapo kina mama wa visiwani wanaoniwekea dagaa wao wazuri kwa sababu wanajua ndoo yangu. Nawashukuru. Hawatoshi kuziba pengo. Mtoto wangu wa mwisho hakumaliza chuo kwa wakati, na anajua sababu. Mtu mwaminifu peke yake sokoni anafilisika taratibu, na hapo ndipo kanisa linapohitajika, kwa kuwa kanisa ndicho chama kikubwa kuliko vyote tulivyonavyo hapa Kirumba. Ndani yake kuna muuzaji, mnunuzi, mpagazi, tajiri wa mtumbwi, karani na afisa. Wote wanaketi chumba kimoja kwa muda wa saa tatu kila wiki. Wakulima wa Nassa hawakuwa na bahati ya kumpata mnunuzi wao kwenye benchi moja nao.

Ombi langu ni dogo. Kila usharika, kigango na kanisa lililo jirani na mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga, kuanzia Kirumba, Igombe na Kayenze hadi Nansio na Bwisya, liwe na mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo na debe moja la kweli. Vikae mlangoni au chini ya mti, siku za wiki, na mtu yeyote, Mkristo, Muislamu au asiye na dini, aje apime mzigo wake kabla ya kwenda kuuza, au baada ya kununua. Mzee wa kanisa mmoja akae navyo kwa zamu, kama tunavyopeana zamu ya kufagia. Mazao ya mnada yapimwe hapohapo mbele ya watu. Na anayetaka kuvaa sare ya kanisa kwenda kazini, iwe kitenge, fulana ya kwaya au rozari kwenye kioo cha gari, apeleke kwanza debe lake likalinganishwe. Atakayekasirika akiuliza “Hata mimi?” apewe jibu la baba yangu.

Lidia wa Thiatira, tunayempenda kumhubiri siku ya kina mama, alikuwa muuza rangi ya zambarau, bidhaa ya matajiri. Biblia haituambii alitoa sadaka kiasi gani. Inasema aliwaambia mitume kwamba wakimwona ni mwaminifu kwa Bwana, waingie nyumbani mwake wakae. Aliwaalika waje waone. Ndani ya nyumba ya mfanyabiashara ndimo mna vipimo vyake.

Jina langu unalo, Mhariri. Naomba usilichapishe, kwa ajili ya yule bibi, maana wanaonijua watamjua na yeye. Mizani ya kwanza nimeshainunua, ya kilo 100, ina stika ya mwaka huu. Ipo stoo kwangu imefunikwa gunia. Nimeliandikia baraza la wazee wa kanisa kuwauliza niipeleke Jumapili gani, na huu ni mwezi wa pili nasubiri jibu.

Mama wa dagaa,
Mwaloni, Kirumba,
Mwanza